Rejista ina wanafunzi 93, NEMIS ina 86: pengo linatoka wapi?

Mwalimu wa Gredi 8: Habari za kazi, walimu wenzangu. Shule yetu ndogo ya sekondari msingi (JSS) ina wasichana 41 na wavulana 52, lakini NEMIS, mfumo wa Wizara ya Elimu ya Kenya wa kusajili wanafunzi, inahesabu 86. Nianzie wapi?

Karani: Pole na kazi. Chapisha orodha ya mfumo, uilinganishe na rejista jina kwa jina, gredi moja moja. Usilinganishe jumla tu, kwani aliyehama bila kuondolewa huficha aliyeingia bila kusajiliwa. Wanaokosekana mara nyingi hawana UPI, yaani namba ya kipekee ya mwanafunzi kwenye mfumo, kwa kuwa hawana cheti cha kuzaliwa, au wangali wameshikiliwa na shule walikotoka. Hao wa pili, mwalimu mkuu wa huko lazima awaachilie kwanza kwenye mfumo ndipo wewe uwapokee. Mpigie simu, barua huchelewa.

Mwalimu Mkuu Mstaafu: Lishughulikieni mapema. Kiwango cha mgao wa serikali ni shilingi 15,043 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa hiyo saba wasiohesabiwa na mfumo ni shilingi 105,301. Kwa shule ndogo, fedha hizo ni chaki, vifaa vya maabara na umeme. Wasio na cheti, mzazi aende ofisi ya usajili wa raia na kadi ya kliniki na kitambulisho chake. Majina yaandikwe jinsi yalivyo kwenye cheti: "Mohamed" na "Mohammed" ni watu wawili kwa mfumo.

Karani: Nyongeza: wasichana 41 kwa wavulana 52 ni 0.79, yaani wasichana 79 hivi kwa kila wavulana 100. Angalieni pengo hilo la wasichana limeanzia gredi gani.