Tupeane uzoefu: mara ya kwanza kuvaa hedifoni za wazi

Mpenda Kanuni, Dar es Salaam

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tukusanye hapa simulizi za siku ya kwanza kuvaa hedifoni za wazi, zile ambazo nyuma ya spika kuna wavu tu, hewa inaingia na kutoka. Naanza mimi.

Nimechukua Sennheiser HD 800 S. Zilipotoka mwaka 2016 ziliuzwa dola 1,699, kwa hiyo si kitu cha kununua kwa pupa. Kwanza nilishangaa wepesi wake, gramu 330 bila waya, na vikombe vipana hivi kwamba sikio lote linakaa ndani bila kuguswa. Nikaweka taarabu ya Unguja, rekodi ya jukwaani. Jamani! Kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ilikaa kulia, fidla zikajipanga kushoto, akodiani nyuma yake, na mtu akakohoa mbali kabisa ukumbini. Spika zake za milimita 56 zimewekwa kwa mshazari mbele ya sikio, na nadhani ndiyo sababu muziki unakuja kama umeketi mbele ya wapigaji.

Besi ipo, inashuka hadi chini, ila haikupigi kichwani. Hewa ya nyuma ya spika inajiendea zake, haibanwi kwenye kikombe, kwa hiyo ule mgandamizo tuliouzoea kwenye hedifoni za kufunga haupo. Anayependa kutikiswa ajue hilo mapema. Mimi naona ile nafasi kati ya chombo na chombo inalipa kila senti.

Haya, nyinyi je?

Sebene, Mombasa

Ahsante kwa kuanzisha. Yangu ni Sennheiser HD 600, ya tangu 1997 na bado inatengenezwa. Nilichomeka kwenye simu, sauti ikaja nyembamba, haina mwili. Sikushangaa, maana ukinzani wake wa umeme ni mkubwa, omu 300, zinataka volti ambazo simu nyingi hazina. Nilipopata amplifaya ndogo ya mezani, ndipo nikazijua.

Mie ni mtu wa rumba za zamani. Sebene ikianza, gita la solo, mi-solo na ridhimu kwa kawaida husikika kama gita moja lenye vidole vingi. Humu nilifuata la katikati peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, nikalisikia linavyojibu solo. Nilirudia wimbo ule ule usiku kucha. Sauti ya mwimbaji kwenye HD 600 iko karibu sana, inagusa. Ukumbi si mpana kama wa HD 800 S yako, lakini kwa waimbaji sibadilishi.

Mtu wa Studio, Mwanza

Mimi nazitumia kazini: Beyerdynamic DT 990 Pro, omu 250. Si za bei kubwa kama zenu, ila nazo ni za wazi. Siku ya kwanza nilisikia kila "s" ya msanii inachoma, maana sauti za juu zimenyanyuliwa. Kwa kusikiliza tu zinachosha. Kwa kuchanganya muziki zinanisaidia, kwani mwangwi uliozidi nauona mara moja. Wakati wa kurekodi mwimbaji nazivua, natumia za kufunga, la sivyo mdundo unavuja na kuingia kwenye maikrofoni.

Abuu, Maskati

Assalaam alaykum. Jambo moja halijatajwa: kama sauti inavyotoka nje, ndivyo na ya nje inavyoingia. Hapa kwetu kiyoyozi hakizimwi, na kwenye Audeze LCD-2 nakisikia chote. Mke wangu naye anasikia muziki wangu wa udi, ile ala ya nyuzi, akiwa upande wa pili wa chumba. Kwa hiyo nasikiliza baada ya Isha, mlango umefungwa.

LCD-2 ni za utando bapa: badala ya koni kuna utando mwembamba wenye njia za umeme, uliowekwa kwenye uga wa sumaku, unasukumwa wote kwa pamoja. Besi yake ni safi, ya kushikika, tofauti na alivyoeleza ndugu wa Dar. Mpigo wa risha kwenye uzi wa udi nauhisi kabla noti haijafunguka. Uzito ndio mtihani, shingo inadai mapumziko.

Kijana wa Ruiru

Wakubwa, nina bajeti ya HD 600 lakini naishi bedsitter na jirani ukuta kwa ukuta. Inafaa?

Sebene, Mombasa

Inafaa, kaka. Kwa sauti ya wastani ukuta unatosha kuizuia, anayesumbuka ni aliye chumba kimoja nawe. Kwa matatu au ofisini ndipo usizipeleke. Ukinunua zilizotumika, angalia pedi za masikioni kwanza. Zikilala, spika inasogea karibu na sikio na sauti yote inabadilika, ila zinauzwa peke yake na unabadilisha kwa mkono, bila fundi. Waya pia unachomoka.