Dar hadi Tanga kwa njia ya pwani na IST, inawezekana?

Mgeni_Njiani: Wakuu, habari zenu. Tunataka kwenda Tanga bila kupita Chalinze: Bagamoyo, Saadani, Pangani, tukisimama vijiji vya wavuvi. Watu wanne, siku nne, Septemba, gari IST. Tunataka kuona dagaa wakishushwa na watu wakichokoa pweza, tena turudi na samaki. Tupange vipi?

Kusi_na_Kaskazi: Septemba umepatia, masika yalishapita na upepo wa kusi umeanza kulegea. Sasa tarehe ichague kwa mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye taa, vyombo vinalala mchangani na mnada unapoa. Pweza naye anataka bamvua, maji yatoke mpaka miamba ibaki wazi. Bamvua iko mwezi mpevu na mwezi mwandamo, lakini mwandamo ndio unakupa vyote viwili. Siku hizo maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo saa tatu uwe ufukweni. Dagaa wanataka uamke alfajiri. Ukiangukia maji mafu, yaani siku maji yanapotoka kidogo tu, pweza msahau.

Fundi_Chesisi: IST Bagamoyo inafika, Tanga–Pangani inafika. Kazi iko katikati, Makurunge hadi Bweni. Lami usiitegemee njia nzima, na ule udongo mweusi wa Saadani ukinyeshewa unaziba kashata za tairi, hata 4x4 inateleza. Kwenye mchanga shusha upepo hadi psi 18, gia ndogo, mguu mwepesi. Tairi likizunguka bure linachimba, na IST iko chini, inakalia tumbo. Beba koleo, pampu, spea kamili (siyo ile nyembamba) na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, maana bila ubao jeki inazama badala ya kuinua gari. Jaza tangi Bagamoyo.

Mgeni_Njiani: Kwa hiyo niiache IST?

Fundi_Chesisi: Kama hupati gari la juu, gawa safari. Bagamoyo nenda urudi, halafu pita Segera hadi Muheza, ushuke Pangani, kama kilomita 45. Saadani utaikosa, ila hutalala porini.

DadaBweni: Akipata gari la juu, ajue kupita ndani ya hifadhi ya Saadani ni kulipa kiingilio, na TANAPA, wasimamizi wa hifadhi, hawataki noti mkononi: kadi au namba ya malipo. Vioo juu, mbung'o wapo, na nguo za bluu na nyeusi ndizo zinawaita. Baada ya Mkwaja simameni Kipumbwi, hapo ndipo penye uvuvi wenyewe; Ushongo ni pa kulala na kuogelea. Bweni mnavuka mto kwa kivuko kuingia Pangani mjini, fikeni mapema, msikisubiri usiku. Kutoka hapo kwenda Tanga mna Kigombe, kisha magofu ya Tongoni. Na tafadhali, kabla ya kumpiga mtu picha akishusha samaki, salimia kwanza na omba ruhusa.

Mchuuzi_Deep_Sea: Samaki nunua kituo cha mwisho, siyo cha kwanza. Funua shavu: matamvua yawe mekundu, jicho limejaa, siyo limezama. Mwambie muuzaji atoe utumbo na matamvua palepale, ndiko uozo unakoanzia. Kilo moja ya samaki kwa kilo moja ya barafu iliyopondwa, tabaka kwa tabaka, barafu chini na juu. Barafu ya mabonge inaacha nafasi, samaki anapoa upande mmoja. Kasha liwe na tundu la kutolea maji, liachie kila mkisimama, maana samaki akilowa kwenye maji yaliyoyeyuka nyama inalegea. Dagaa nunua wakavu, ila onja kwanza: waliochanganyika na mchanga utawasikia menoni.

Mgeni_Njiani: Nimewaelewa wakuu. Natafuta gari la juu, natazama mwandamo.

Kusi_na_Kaskazi: Fika siku moja kabla ya mwandamo. Bamvua inaendelea siku mbili tatu baada yake, utakuwa na nafasi hata mvua ikikuchelewesha Makurunge.