Mawingu ya Mirihi: tunajitolea au tunafanyishwa kazi bure?

Wakuu, naleta hoja. Tangu 2006 chombo cha NASA, Mars Reconnaissance Orbiter, kinaizunguka Mirihi. Ndani yake kuna kifaa kiitwacho Mars Climate Sounder, kinachotazama ukingo wa sayari na kupima joto la hewa kwa miale ya infraredi, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Mawingu ya juu kabisa, kilomita 50 hadi 80 kutoka ardhini, hujitokeza kwenye picha zinazochorwa kwa vipimo hivyo kama matao. Mwaka 2022 watu wa kawaida waliitwa, kupitia tovuti ya Zooniverse, wayatafute matao hayo na kuweka alama kwenye kilele cha kila tao. Malipo hakuna.

Taasisi yenye bajeti inayozidi dola bilioni 20 kwa mwaka inakosaje pesa ya kuajiri vijana wachache? Na kompyuta zinazotambua nyuso za watu, wingu linazishindaje?

*Jibu:* Kompyuta haijui tao ni kitu gani mpaka ioneshwe mifano mingi iliyowekwa alama na binadamu. Halafu mkuu, hayo matao si umbo la wingu. Chombo kinasonga: wingu likiwa bado mbali linaonekana chini kuliko lilivyo, likikaribia linapanda, likipitwa linashuka tena. Kilele peke yake ndicho kinachotoa kimo halisi. Sasa chukua matao mawili yaliyopandana, moja hafifu, na picha yenyewe ina mikwaruzo. Jicho la mtu bado linatenganisha vizuri hapo, na picha moja hupitiwa na watu kadhaa, kwa hiyo aliyekosea hafiki mbali.

*Jibu:* Mnabishania malipo tu, mawingu yenyewe mmeyaacha. Hewa ya Mirihi ni hewa ukaa kwa asilimia 95 hivi, na kule juu baridi huwa kali kiasi kwamba hewa hiyohiyo inaganda kuwa barafu! Mengine ni barafu ya maji. Kuyajua yapo wapi na msimu gani ni sehemu ya kujua maji ya Mirihi yalipotelea wapi, maana mvuke ukifika juu huvunjwa na mwanga wa jua, na haidrojeni hutorokea angani. Sayari hiyo iliwahi kuwa na mito na maziwa. Hilo kwangu linatosha kumpa mtu nusu saa ya jioni yake.

*Mleta hoja:* Ya matao nimekuelewa, na umuhimu wake sikuupinga. Lakini hamjajibu la msingi: anayejitolea leo anaifundisha mashine ambayo kesho haitamhitaji. Basi angalau kuwe na masharti. Vipimo na matokeo vibaki wazi kwa yeyote, na makala zikiandikwa, walioweka alama watambuliwe kwa majina wakiridhia, isiwe shukrani ya jumla mwishoni. Anayepinga masharti hayo aseme kwa nini.