Landrover 109 ya marehemu baba imepaki tangu 2011, naanzia wapi kuiwasha?

Mpwapwa_Kwetu

Wakuu habari za saa hizi, wakubwa zangu shikamooni.

Nna Landrover 109 Series III pikapu ya petroli, ile injini ya 2286 cc silinda nne. Ya marehemu mzee. Alikuwa mtu wa mifugo huku Mpwapwa, akaipata mnadani na ndio ilimzungusha vijiji vyote vya huku mpaka macho yalipoanza kumsumbua akaipaki 2011, toka hapo haijawashwa. Iko kwenye banda la mabati, jua haliipigi moja kwa moja ila vumbi limeingia kila mahali na mchwa wamepanda mpaka kwenye viti. Tairi zote zimelala, betri haipo, ukifungua tanki inatoka harufu kali inachoma pua. Dipstiki inaonyesha oili ipo ila nyeusi nzito. Rejeta kavu.

Ndugu zangu wanasema tununue betri, tumwage petroli mpya, tupige stata tuone. Jirani ana trekta anasema ataivuta kuelekea barabara ya Gulwe itawaka yenyewe. Mi moyo unasita. Hii gari siiuzi na sitaki ifie mikononi mwangu, nataka bi mkubwa akae mbele nimpeleke kanisani nayo. Naombeni mniambie nini kinatangulia, nini kinafuata na nini nisiguse kabisa, maana mafundi wa hapa karibu wamezoea bodaboda na Noah, kabureta na pointi (kile kiswichi cha cheche ndani ya distribyuta) hawana habari nazo.

---

FundiMzee_Kizota

Marahaba kijana wangu, na pole kwa mzee. Umefanya vizuri kuuliza kabla, maana gari nyingi za zamani zinakufa siku ya kuwashwa na sio miaka ile zimelala. Huyo wa trekta mwambie asante, aende shambani.

Nakuambia sababu. Injini ikikaa muda huo oili yote imeshuka chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kuta za silinda zimekauka, ringi za pistoni zimeshikana na kutu kidogo kidogo. Ukiilazimisha kwa stata au kwa kuvuta, ringi inavunjika au inachana silinda, hapo umetoka kwenye kazi ya kusafisha umeingia kwenye kazi ya ovahoo, yaani kufumua injini nzima. Afu valvu. Injini ikisimama kuna valvu zinabaki wazi, hizo ndo zinapata kutu kwenye shina na kuganda. Valvu iliyoganda ukizungusha kwa nguvu inapinda pushirodi, ile fimbo inayosukuma roka ya valvu.

Kwa hiyo chomoa plagi zote nne, ziwekee alama kila moja imetoka silinda gani, uzikague. Kila tundu mimina vijiko kadhaa vya ATF (oili ya gia za otomatiki) uliyochanganya na dizeli. Iache. Simaanishi lisaa, namaanisha siku kadhaa, na kila jioni ongeza kidogo. Wakati inalowa fungua kava ya valvu pale juu uone hali ikoje, panya wanapenda sana kuzalia huko kwenye injini, na usisahau ekzosi, nyigu wa udongo wanaziba kabisa bomba.

Bahati yako ni kwamba Landrover hizi zilikuja na hendeli ya kukrenki, inapita kwenye tundu la bampa la mbele inashika kwenye puli ya krenki shafti. Itafute humo garini, mara nyingi iko nyuma ya siti. Gia weka nyutro, plagi zikiwa nje, zungusha taratibu kwa mkono mmoja. Ikigoma usiruke juu yake wala usitie bomba la kuongeza urefu, ongeza ATF usubiri. Mkono ndo unakuambia ukweli, stata haina hisia, yenyewe inasukuma tu. Na hata plagi zikirudi siku za mbele, dole gumba liweke upande mmoja na vidole vingine, usilizungushie hendeli, injini ikipiga kinyume inavunja mkono.

Ikizunguka hata robo, njoo hapa uniambie.

---

Kibaigwa_Transport

Wazee mnamchelewesha jamaa. Sisi huku malori yanapaki msimu mzima mahindi yakiisha, ikifika mavuno tunavuta yanawaka na yanabeba mzigo hadi Dar. Landrover ni chuma hiyo haifi kirahisi, weka gia ya tatu achia klachi imeisha hiyo

---

DadaUmeme_Bahi

@Kibaigwa_Transport kaka kwa heshima, miezi minne au mitano sio sawa na gari iliyolala tangu 2011, na lori lako ni la dizeli, halina pointi wala kabureta, hata likivutwa halihitaji cheche. Hii ya kwake uivute hadi Manyoni, kama pointi zina kutu haitawaka, itasaga silinda kavu tu njia nzima. Na breki je? Utaivuta gari isiyo na breki na mtu ndani anashika usukani?

Mpwapwa_Kwetu mimi nafanya umeme wa magari, naongelea upande wangu. Kabla hujafunga betri pitia waya zote kwa macho na kwa mkono. Panya wanakula ganda la waya, shaba inabaki uchi, ukiunga betri inapiga shoti na hilo banda lina mchwa, lina mbao na lina mivuke ya petroli kuukuu. Weka mtungi wa kuzimia moto au hata mchanga kwenye ndoo, na betri ya kwanza iungie NJE ya banda. Hizi Series III ni hasi kwenye bodi, 12 volti, usijichanganye na Landrover za nyuma zaidi ambazo chanya ndo ilikuwa bodi. Ule waya wa bodi unaotoka kwenye betri, na ule unaounga injini na chasi, vifungue usugue mpaka uone chuma kinang'aa, nusu ya stata zinazosingiziwa ubovu tatizo lake liko hapo.

Cheche sasa. Fungua kapu la distribyuta uangalie pointi. Hata gari ikae pakavu namna gani pointi zinashika ukungu wa kutu usioonekana, umeme haupiti. Sugua kwa msasa laini sana, futa kwa karatasi safi, pima uwazi ziwe kati ya 0.35 na 0.40 mm zikiwa zimefunguka mwisho. Plagi uwazi wake karibu 0.75 mm. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, waya za plagi piga picha kabla hujachomoa. Kama kuna kondensa mpya na pointi mpya nunua weka akiba hata kama za zamani zitafanya kazi.

---

Mnyaturu_wa_Itigi

Kwenye mafuta niongeze. Hiyo harufu inayochoma pua ni petroli imeoza, imegeuka kama varnishi, usiichanganye na mpya hata tone. Chini ya tanki kuna nati ya kumwagia, ifungue mwaga yote kwenye chombo na usiwe karibu na jiko au sigara. Tanki lenyewe usihangaike nalo leo. Chukua kidumu kisafi cha lita 5, mpira mpya na filta ndogo ya plastiki, unga moja kwa moja kwenye pampu, injini ijifunze kuwaka kwa mafuta masafi kwanza. Tanki utalishusha baadae ulioshe kwa nafasi.

Pampu ya hizi ni ya mitambo iko ubavuni mwa injini, ina kikombe cha kioo cha kukusanya uchafu na ina kimkono kidogo cha kupampu kwa kidole mpaka kabureta ijae, kwa hiyo huna haja ya kuchosha betri. Kimkono kikiwa hakina ubishi wowote zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena, kikibaki hivyo huenda diafram (ngozi ya ndani ya pampu) imekauka, badilisha. Kabureta kama ni Zenith, ifungue uoshe, jeti (vile vitundu vya kupitishia mafuta) zipulize kwa upepo, USICHOKONOE kwa waya maana tundu likipanuka itakunywa mafuta isishibe. Ndani kuna oringi ya mpira ndogo watu huwa hawaioni, ikikauka gari inawaka lakini inatoa moshi mweusi na sailensa (muungurumo bila kukanyaga mafuta) haitulii.

Na ea kilina yake ni ile ya bakuli la oili. Kwa vumbi la kwetu huko ndani sasa hivi ni tope tu, mwaga, osha kwa mafuta ya taa, weka oili mpya mpaka kwenye alama.

---

Mpwapwa_Kwetu

Wakuu Mungu awabariki. Nimefuata kama fundi mzee alivyosema. Hendeli imepatikana imefungwa kwa mpira nyuma ya siti, mzee alikuwa mtunzaji sana. ATF na dizeli zimekaa tangu wiki iliyopita, mwanzo ilikuwa ngumu kama mwamba, jana jioni ikaanza kucheza, leo imezunguka mzunguko mzima na mama alikuwepo akapiga vigelegele.

Ila nikiangalia pale juu kwenye valvu, nyingine zinashuka na kupanda vizuri, moja ya silinda ya tatu imebaki chini haipandi na kuna uwazi kati yake na roka. Nimeacha hapohapo sijazungusha tena. Nifanyeje?

---

FundiMzee_Kizota

Hongera sana, na umefanya jambo la maana kuacha hapohapo.

Hiyo imeganda wazi. Usiipige nyundo. Nyunyizia mafuta ya kulainishia kutu kwenye shina lake chini ya springi, acha ilowe usiku kucha, asubuhi gonga kichwa cha springi kidogo kidogo kwa mpini wa mbao, nyunyizia tena. Pistoni ya silinda hiyo isiwe juu kabisa wakati unagonga, hakikisha imeshuka, tumbukiza kijiti kirefu kwenye tundu la plagi utaipima. Ikianza kupanda yenyewe endelea kuigonga na kuipa mafuta mpaka iwe inarudi haraka kama wenzake. Kagua na pushirodi yake, itoe uibiringishe juu ya kioo, ikiyumba imepinda. Ikigoma kabisa shusha silinda hedi, gasketi mpya sio gharama ya kuogopa ukilinganisha na injini.

Ikikaa sawa, mwaga ile oili nyeusi ikiwa imelala, badilisha na filta, weka mpya kama lita 6 hadi 7 ukifuata alama ya dipstiki. Plagi zikiwa bado nje na waya wa koili umechomolewa, hapo ndo unaruhusiwa kupiga stata, vipindi vifupi vifupi, funika matundu kwa kitambaa maana ATF itaruka, mpaka taa ya oili izime. Isipozima usiwashe. Rejeta weka maji ya mvua, haya ya visima vyetu yana chumvi yanajenga gamba, uoshe mara mbili ndo uweke kulanti. Mipira yote ya rejeta na fenibelti badilisha bila kufikiria.

Siku ya kuwaka itatoa moshi mwingi, ni ile ATF inaungua, usishtuke. Iache dakika chache, zima, angalia mivujo, washa tena. Klachi ikigoma kuachia maana yake sahani imeshikana na flaiwili, injini ikipata moto kanyaga pedali uikazie kwa mti usiku kucha, nyingi zinaachia zenyewe.

---

DadaUmeme_Bahi

Fundi mzee kamaliza, mi nasisitiza breki tu kwa sababu bi mkubwa atakaa mle. Kuwaka ni furaha ila kusimama ndo uhai. Hiyo 109 ina dramu magurudumu yote, mbele kila gurudumu lina wili silinda (visilinda vya kusukuma breki) mbili, nyuma moja moja, jumla sita, na zote raba zake zimekauka hata kama pedali inaonekana ngumu. Oili ya breki inanyonya unyevu wa hewa, ikikaa miaka inaozesha silinda kwa ndani. Badilisha zote sita pamoja na masta silinda ya pedali na mipira inayoshuka kwenye magurudumu. Hendibreki yake haishiki magurudumu, inashika shafti ya nyuma, kwa hiyo irekebishe mapema itakusaidia wakati unajaribu uwanjani, ila usiivute gari ikiwa kwenye mwendo.

Tairi 7.50-16 angalia mpasuko wa pembeni, hata kama kashata (meno ya tairi) ziko juu mpira wa miaka hiyo haubebi mtu.

---

Kibaigwa_Transport

Nimewaelewa wakuu, hoja ya silinda kavu nimeikubali. Mpwapwa_Kwetu mimi nashuka Dar kila baada ya mzigo, raba za breki na wili silinda za hizo Landrover pale Gerezani zinapatikana, niandikie orodha na upige picha zile za zamani zikiwa na vipimo nitakuletea hadi Kibaigwa, gharama ya usafiri sidai

---

Veyula_mjini

Wakati mnasubiri spea shughulikieni na kadi ya gari. Kama bado ina jina la marehemu lazima familia ikae, msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama, na hizo karatasi ndo mnapeleka TRA kubadilisha umiliki. Msisubiri gari iwe barabarani ndo mkumbuke, na bima haitakaa sawa bila hilo.

---

Mpwapwa_Kwetu

Valvu imeachia leo asubuhi!! Imechukua usiku mbili na kugonga kwa mpini wa jembe, sasa inarudi sawa na wenzake na pushirodi iko nyoofu. Kaka wa Kibaigwa asante sana, kesho nafungua magurudumu yote nipige picha nikutumie. Kikao cha mirathi tumepanga Jumapili baada ya ibada. Fundi mzee, swali moja, kwenye chasi upande wa kushoto karibu na springi ya nyuma nimegonga kwa bisibisi imetoboka, bodi yenyewe ni alumini iko safi. Hiyo inachomewa au ni mpaka chasi nzima?

---

FundiMzee_Kizota

Kama ni sehemu moja inachomewa, lakini sio kubandika bati juu ya kutu. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, weka kipande cha unene uleule, mchomeaji awe anayejua chasi sio wa madirisha. Pale inaposhikia springi pasiwe na mjadala, kama kutu imefika hapo ilete Dodoma juu ya lori niione mwenyewe kabla haijatembea. Gonga urefu wote wa chasi kwa nyundo ndogo, pande zote mbili, ukisikia mlio umebadilika weka alama kwa chaki. Nitumie picha za hizo alama.