Plasta inang'oka na uso wa tofali: kweli jengo limezeeka?

MwalimuLuanda: Hamjambo wanajukwaa. Niko kwenye bodi ya shule ya msingi karibu na Maseno, shule niliyosomea mwenyewe. Tuna jengo moja la enzi za mkoloni: matofali ya kuchoma, kuta nene, varanda mbele yote, matundu ya hewa juu karibu na paa. Mwaka uliandikwa juu ya mlango, ila umepakwa rangi mara nyingi hadi hausomeki. Saa nane mchana madarasa mapya ya bati ni tanuri. Humu watoto wanaandika bila kujipepea.

Miaka michache iliyopita tulilipiga plasta ya simiti. Mimi ndiye niliyeunga mkono kwanza, likapendeza kama bibi harusi. Sasa plasta inabanduka, na kila kipande kinaondoka na uso wa tofali. Mkandarasi anasema ni uzee, tubomoe. Bodi inakutana Alhamisi.

Fundi_Yala: Mwalimu, si uzee, ni hiyo simiti. Tofali la zamani ni laini, linafyonza maji na kuyatoa. Simiti inayazibia njia, yanakwama nyuma yake, chumvi inajaa na tofali linageuka unga. Dawa ni chokaa, na kwetu haiko mbali, Koru inachimbwa. Ila usiuziwe ile ya shamba, haishiki hata kidogo. Itisha ile ya kujengea. Moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, tabaka nyembamba, halafu funika kwa magunia mabichi isikauke haraka. Kabla ya yote, panda uangalie gata.

MzaziEmuhaya: Samahani mwalimu, historia haitashika paa likimwangukia mwanangu. Mchwa mmeangalia?

Fundi_Yala: Swali zuri. Gonga kila mbao ya kenchi. Ikilia kama ngoma, imeliwa ndani. Pia chukua donge la udongo wa katikati ya matofali, lilaze kwenye glasi ya maji. Likiyeyuka, walijengea udongo mtupu, basi hata kuziba viungo usitumie simiti.

DadaMilimani: Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inamruhusu Waziri kulitangaza jengo kama hilo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali likalindwa. Lakini hiyo ni safari ndefu, Mwalimu, Alhamisi haikungoji. Leo piga picha kila ukuta, na ukwangue rangi ya hapo juu ya mlango polepole.

MwalimuLuanda: Nimetoka huko sasa hivi. Donge limekuwa tope usiku mmoja. Gata ina tundu la kupitisha ngumi, na ukuta ulioharibika zaidi uko chini yake kabisa. Mzazi mwenzangu, mchwa nimeukuta kwenye fremu ya mlango mmoja. Kenchi nimezigonga zote, mbili zimelia ngoma. Hizo tutabadilisha. Fundi, nitumie bei ya chokaa kabla ya Jumatano, na gharama ya gata mpya uiweke mstari wa kwanza.