Paka mwenye figo mbovu, Mbeya: nimlishe nini badala ya ugali na usipa?

Mkazi_Uyole
Shikamooni wakubwa, na habari kwa wengine. Naomba ushauri wa chakula cha paka. Ni dume aliyehasiwa, miaka 12, kilo 3.9, mwaka jana alikuwa 4.8. Anakunywa maji sana, anakojoa sana, asubuhi anatapika povu. Daktari wa mifugo amempima: kreatinini (taka ambayo figo huiondoa kwenye damu) 265 mikromoli kwa lita, fosforasi 2.1 milimoli kwa lita, potasiamu na sukari ziko sawa, mkojo mwepesi (1.014). Akasema ni figo, nibadilishe chakula. Tangu mdogo anakula ugali laini na usipa wa Kyela (dagaa wa Ziwa Nyasa) waliosagwa, jioni maziwa. Nauliza mawili. Chakula maalumu cha figo hapa Mbeya ni cha kuagiza na bei inanishinda kukitumia kila siku. Naweza kupika mwenyewe? Pili, jirani anasema nimwondolee nyama kabisa, abaki na ugali na maziwa ili figo zipumzike. Ni kweli?

Mifugo_Iringa
Nianze na la jirani: hapana, usifanye hivyo. Ini la paka huvunja protini muda wote, aile asiile. Asipoipata kwenye sahani ataitoa kwenye misuli yake mwenyewe, na huenda sehemu kubwa ya ile kilo iliyopotea imetoka huko. Ugali hauna taurini (asidi ya amino iliyomo kwenye nyama), na paka akiikosa moyo hutanuka na macho hupofuka. Maziwa nayo yana fosforasi ya kutosha, na paka wazima wengi huyaharishia. Mgonjwa wa figo akiharisha anapoteza maji ambayo hawezi kuyarudisha kwa kunywa.

Kreatinini kati ya 251 na 440 ni hatua ya tatu kati ya nne za ugonjwa wa figo kwa paka. Kinachotakiwa kushushwa kwanza ni fosforasi, na kwa hatua hiyo lengo ni chini ya 1.6. Figo zikishindwa kuitoa inabaki kwenye damu, mwili unajibu kwa homoni inayochomoa chokaa kwenye mifupa, na sehemu ya figo iliyobaki nzima inaendelea kuharibika. Sasa angalia sahani yake: usipa waliosagwa wana vichwa na miiba yote, na mfupa ni kalsiamu na fosforasi. Kukausha kunaondoa maji tu, madini yote yanabaki kwenye kijiko kimoja. Kwa hiyo usipa ndio wa kwanza kuondoka, kabla hujafikiria kupunguza nyama.

Kuhusu vipimo: ukienda kurudia, muulize daktari kama damu ilitenganishwa seramu (majimaji yake yasiyo na chembe) mapema. Damu iliyokaa saa nyingi kwenye chupa, au iliyosafirishwa bila kutenganishwa, inaonyesha fosforasi ya juu kuliko ilivyo. Na kama ilisomwa kwenye maabara ya binadamu, usitumie viwango vya kawaida vilivyochapwa kwenye karatasi yao, ni vya watu.

Jiko_la_Paka
Kupika inawezekana, ila kwa mizani ya jikoni, si kwa kukadiria. Paka wa kilo 4 aliyezeeka anahitaji takribani kilokalori 220 kwa siku. Hiki ni chakula cha siku nne:

Paja la kuku wa kisasa pamoja na ngozi, bila mfupa hata kidogo, gramu 240 zikishaiva (nunua kama 330 mbichi). Wali mlaini gramu 120. Ute wa mayai manne, ulioiva. Mafuta ya alizeti vijiko viwili vya chai. Unga wa ganda la yai gramu 2, ambayo ni chini kidogo ya nusu kijiko cha chai. Taurini vidonge viwili vya miligramu 500, vile vya unga ndani, utavikuta kwenye maduka ya virutubisho vya wanamichezo. Chumvi usiweke kabisa. Kitunguu na vitunguu saumu usiguse, hata kwenye mchuzi uliochujwa. Vinapasua chembe nyekundu za damu, na paka wa figo tayari yuko karibu na upungufu wa damu.

Kwa nini paja na si kidari? Lina mafuta na taurini zaidi. Nguvu ikitoka kwenye mafuta, unaweza kupunguza nyama kidogo bila paka kukonda. Ute wa yai ni protini safi yenye fosforasi kidogo mno. Kiini ndicho kilichoibeba, kwa hiyo kiini kula wewe. Ute mbichi hapana, unazuia vitamini mojawapo ya kundi B isifyonzwe.

Ganda: chemsha dakika 10, kausha kabisa, saga mpaka liwe laini kama poda. Chembe zikibaki zinakwaruza. Lazima lichanganywe na chakula chenyewe, kwa sababu, mbali na kumpa kalsiamu, kazi yake ya pili ni kuishika fosforasi tumboni itoke na kinyesi. Ukimpa peke yake saa mbili baadaye, kazi hiyo inapotea. Wala usiongeze kipimo ukidhani ndiyo bora, kalsiamu ikizidi kwenye damu nayo inaua figo.

Nyama ichemke kwenye maji kidogo, na yale maji yarudishe kwenye chakula, taurini imo humo. Vidonge vya taurini weka chakula kikishapoa. Cha siku mbili kwenye friji, kilichobaki kwenye friza.

Mifugo_Iringa
Nakubaliana na mapishi, isipokuwa maji ya kuchemshia. Fosforasi nayo huyeyukia humo. Kwa kuwa taurini anaiongeza kwa vidonge, na fosforasi iko 2.1, mimi ningeyamwaga na kulainisha kwa maji safi ya moto. Potasiamu pia inapotea hivyo, ndiyo maana irudiwe kupimwa baada ya wiki nne. Ikianza kushuka, shingo inalegea, kichwa kinainama. Hapo yabakize maji na uzungumze na daktari wako kuhusu nyongeza.

Vitamini za kundi B zinatoka na mkojo mwingi, mwombe daktari akupangie kipimo. Mafuta ya ini la samaki usimpe kiholela, yana vitamini A na D za kuzidisha.

Mkazi_Uyole
Ahsanteni sana. Je, usipa nikiwaloweka na kuwatoa vichwa? Bila harufu yao hagusi kitu. Na kuna duka wanapima chakula cha paka kwa kilo, nichanganye?

Jiko_la_Paka
Kuloweka kunatoa chumvi, miiba inabaki mwilini mwa samaki. Mbadala ni mnofu wa mbasa (samaki mkubwa wa Ziwa Nyasa) usio na mwiba, ulioiva (samaki mbichi wengi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1). Gramu 15 mara mbili kwa wiki, badala ya kiasi hicho hicho cha kuku. Kwa harufu, tumia maji ya kuchemshia mbasa, kijiko kimoja cha chai juu ya sahani.

Usibadilishe ghafla. Siku tatu robo ya chakula kipya, tatu nusu, tatu robo tatu. Akiwa na kichefuchefu usimlazimishe, atakihusisha chakula kipya na kuumwa na hatakirudia tena. Baridi hii ya Juni na Julai chakula kikipoa kinakosa harufu, kipashe kifikie joto la mwili. Milo minne midogo inatapisha kidogo kuliko miwili mikubwa.

Chakula cha kupima kwa kilo achana nacho. Hujui ni cha aina gani wala mfuko ulifunguliwa lini. Ukiagiza Dar, taka mfuko uliofungwa wenye fosforasi iliyoandikwa. Kwa chakula kikavu cha figo tafuta asilimia 0.4 hadi 0.6. Angalia wasikupe cha mawe ya kibofu. Vinafanana kwa mifuko, lakini kile hufanya mkojo kuwa na asidi na mara nyingi kina chumvi zaidi, na damu ya paka wa figo tayari inaelekea kwenye asidi. Hata ukipata mfuko mmoja tu kwa mwezi, kumpa nusu kwa nusu na cha kupika kunapunguza makosa yetu ya jikoni.

Mifugo_Iringa
Mpime uzito kila Jumapili kwa mizani ile ile. Akipungua gramu 100 kwa wiki mbili, ongeza mafuta kwanza, si wali. Akigoma kula siku nzima, mpeleke kwa daktari kesho yake asubuhi. Siku tatu bila kula ini linaanza kujaa mafuta, na hilo ni gumu kulitibu. Akienda chooni akajikamua bila mkojo kutoka, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, madume huziba. Na akionekana ana maumivu, paracetamol na diclofenac za nyumbani usimpe hata chembe.