Tupeane uzoefu: kizunguzungu kinachotokana na pingili za juu za shingo

Kwa mnaotibu kwa mikono: mnaanzia wapi, na huharibika wapi?

—

Kwanza hakikisha ni shingo. Kizunguzungu chake ni cha kuyumba, chumba hakizunguki, na huandamana na shingo iliyokaza au inayouma. Mkalishe kwenye kiti cha kuzunguka, mshikie kichwa kitulie, ageuze kiwiliwili. Kikija, shuku shingo, maana sikio la ndani halijasogea. Kikija pale tu kichwa na mwili vinapogeuka pamoja, tafuta sikioni.

—

Na kipimo cha Dix-Hallpike, yaani kumlaza chali haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa upande, kisirukwe. Akilazwa macho yakachezacheza, kisha yakatulia ndani ya dakika moja, hizo ni chembe za chokaa zilizohama sikioni. Shingo haina kosa hapo.

—

Nikiongezea, mbinu ya Mulligan: unasukuma pingili huku mgonjwa akisogeza kichwa mwenyewe. Mgonjwa ameketi, wewe nyuma yake. Kama kizunguzungu kinamjia akiinua au kuinamisha kichwa, weka gumba juu ya gumba kwenye kinundu cha pingili ya pili, kile cha kwanza kushikika chini ya fuvu. Sukuma polepole kwenda mbele, usawa wa macho. Asogeze kichwa mwenyewe hadi mwisho, atulie sekunde chache, arudi; usiachie kabla hajarudi. Mara 6 zatosha siku ya kwanza. Kama kinamjia akigeuka pembeni, hamia pingili ya kwanza: ncha yake iko kati ya mfupa wa nyuma ya sikio na pembe ya taya.

Kosa kubwa ni nguvu. Pale pana maumivu hata kwa mguso mdogo, mgonjwa akikaza misuli huna unachosukuma. Msukumo ukiwa sahihi kizunguzungu hakiji kabisa. Kikija, badili pembe au punguza. "Vumilia kidogo" haina nafasi.

—

Nyumbani aendelee kwa ukingo wa taulo kwenye kinundu hichohicho, marudio 6, mara moja kwa siku. Mpime pia kwa taa ya leza kichwani, sentimita 90 kutoka ukutani: afumbe macho, ageuke, arudi katikati. Akikosea kwa zaidi ya sentimita 7 hivi, mpe na mazoezi ya kulenga.

—

Wasioguswa: anayeona viwiliviwili, ulimi mzito, asiyeweza kumeza, ganzi usoni, anayeanguka ghafla, au maumivu makali mapya baada ya ajali. Hao hospitali mara moja. Mwenye baridi yabisi ya miaka mingi apigwe picha kwanza. Kano inayofunga pingili ya kwanza na ya pili huenda imelegea. Na kuivunja shingo mpaka ialike? Hakuhitajiki.